Maji ya Profesa

Muuguzi Scholastika alikuja maabara mwenyewe, kwa miguu, amekifunika kichupa kwa kiganja kama mtu aliyebeba kifaranga. Kwa kawaida sampuli za hospitali zililetwa na gari, ndani ya sanduku la barafu. Hii aliificha. Alimwomba Dokta Nyamizi afunge mlango, kisha akakiweka kichupa juu ya meza na kuondoa mkono.

Damu iliyokuwemo ilikuwa imejitenga. Chini ilikuwa nyekundu iliyokolea, na juu yake kulikuwa na tabaka jeupe, zito, mfano wa utando wa maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe.

"Ya nani?" Nyamizi aliuliza.

Ya marehemu, Scholastika akajibu. Alikuwa mkulima wa alizeti, aliyelazwa kwa malaria ya kawaida, ile ambayo mtu humeza dawa akarudi shambani. Homa ilipopanda alianza kuhema kama aliyekimbia mbio, midomo ikabadilika rangi, na akakata roho muuguzi akiwa bado anamtafutia mshipa. Daktari wa zamu alisema ni malaria kali. Scholastika hakuridhika. Tangu mvua zianze alikuwa ameshaona wengine wakifa vilevile, na kila mmoja wao aliwahi kuongezewa maji ya Profesa.

Mjini Nsimbola hapakuwa na mtu asiyeyajua maji hayo. Kirusi kilipoingia duniani na kwenda kukaa ndani ya damu ya kila mtu, hakikumdhuru mwenye damu. Ila damu hiyo ikihamishiwa kwa mwingine, ilimuua aliyeipokea kabla jua halijazama. Benki za damu zikafungwa. Kwa miaka mingi mtu akigongwa na pikipiki, au mama akitokwa na damu baada ya kujifungua, ndugu walisimama pembeni na kumwangalia akiisha. Ndipo Profesa Tungaraza alipotengeneza kibadala, mchanganyiko wa vimiminika viwili visivyopatana, kimoja cha kubeba hewa na kingine cha maji na chumvi, vikishikizwa na cha tatu kilichoitwa kiungo. Kilikuwa angavu, cha kupenyeza nuru, kama maji ya dafu, na kikishaingia mwilini kilidumu humo kwa miaka. Wizara ilikiita kibadala. Watu walikiita maji ya Profesa.

Nyamizi Kahabi hakuwa mkemia. Alikuwa mtaalamu wa nuru, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna chupa inayotoka kiwandani kabla leza yake haijathibitisha kuwa vimiminika vile vimeshikana. Saini iliyokuwa kwenye kila chupa ilikuwa yake.

Alichukua tone la lile tabaka jeupe, akalichanganya upya na kuliweka katikati ya vioo viwili vyembamba, kisha akawasha miale. Mwale wa kwanza ulipiga kwa mapigo mafupi mno, ukapasha joto kijisehemu kidogo kuliko ncha ya unywele. Mwale wa pili, dhaifu, ulipita palepale nyuma yake. Kimiminika kilichopata joto hupinda nuru kama lenzi, na jinsi lenzi hiyo inavyozaliwa na kufa huonyesha molekuli zimeshikana vipi. Zikishikana sawasawa, doa la nuru kwenye skrini hutanuka na kurudi taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Zikianza kuachana, doa hutetemeka.

Kwenye joto la mwili usio na homa, doa lilikuwa tulivu. Nyamizi akapandisha joto la kisahani kilichobeba vioo pole pole. Kwenye nyuzi thelathini na nane doa likaanza kutetemeka. Lilipokaribia thelathini na tisa na nusu lilisambaratika, skrini nzima ikajaa vumbi la nuru, na tone lililokuwa kati ya vioo likawa jeupe kama chokaa.

Alijaribu na chupa mpya kutoka ghalani. Hiyo ilistahimili hadi joto ambalo hakuna binadamu angelifikia akiwa hai. Akatoa sampuli nyingine kwenye friji, za watu waliokuja kupimwa kila mwaka baada ya kuongezewa, akazipanga kuanzia za karibuni hadi za zamani. Kadiri kibadala kilivyokaa mwilini, ndivyo kilivyoachana kwa joto dogo zaidi. Mwili ulikuwa unakila kiungo, kidogo kidogo. Chupa zake zote zilikuwa salama siku alipozitia saini, na zote zilikuwa zinaharibika ndani ya watu.

Scholastika aliuliza awaambie nini wenzake wodini. Nyamizi akamwambia asubiri kwanza, mpaka aonane na Profesa. Neno hilo lilimtoka kwa urahisi.

*

Profesa Tungaraza hakubisha. Alishuka maabara, akaomba nguvu ya mwale wa kwanza ipunguzwe, kwa kuwa huenda mwale wenyewe ndio uliokuwa unavunja mchanganyiko. Nyamizi alikuwa ameshalifikiria hilo. Wakarudia pamoja, kwa mwale hafifu kabisa, na tone likawa chokaa tena. Mzee akavuta kigoda cha fundi, akaketi.

Alifungua vifungo vya shati na kumwonyesha kovu lililoanzia begani likashuka hadi mbavuni. Nyamizi alijua habari za ajali iliyomwachia kovu hilo, kama mji mzima ulivyojua. Ambacho hakuwahi kukifikiria ni kwamba Profesa alijiongezea kibadala kabla hakijajaribiwa kwa mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyekuwa nacho mwilini kwa muda mrefu kuliko yeye. Homa ndogo tu ingetosha.

"Kwa hiyo usidhani naogopa kwa ajili ya jina langu," alisema. "Wiki hii akina mama watajifungua hapa mjini, na baadhi yao watatokwa na damu. Ukisema leo, wataikataa chupa. Hao watakufa wiki hii hii, bila shaka yoyote. Wenye kibadala wanaweza wasiipate homa."

"Na wakiipata?"

"Watakufa. Sikufichi, mwanangu. Ninachokuomba ni muda wa kutafuta kiungo kingine. Mvua zikiisha, mbu watapungua, na sisi tutakuwa na kitu mkononi cha kuwaambia watu, si msiba mtupu."

Nyamizi alitafuta kosa katika maneno yale na hakuliona. Lingekuwepo, angepumua. Hakusema ndiyo. Alisema kesho yake asubuhi angeanza kuvipima viungo vipya, na wote wawili wakaelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa jibu.

*

Jioni hiyo alipitia kwa mdogo wake. Kabula alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na pacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa karibu kufikisha miaka minne. Kuzaliwa kwao kulikuwa kugumu. Nyamizi alikuwepo siku ile, na alimwona mkunga akitundika chupa yenye saini yake juu ya kitanda cha mdogo wake, akalia kwa furaha na kujivuna.

Alikuta Kabula akiwasugua watoto miguu kwenye beseni uani. Alitoa kwenye mkoba kipimajoto na mfuko wa dawa za kushusha homa, akaeleza haraka haraka kwamba ajipime asubuhi na jioni, asikae kwenye jua, na akihisi mwili unachemka ajimwagie maji kwanza ndipo ampigie simu. Kabula aliendelea kusugua. Baadaye akawapeleka watoto kwa baba yao, Masunga, aliyekuwa ndani akila, akarudi akikausha mikono kwenye kanga.

Alimwambia dada yake kwamba tangu utoto akidanganya huongea haraka. Basi Nyamizi akamwambia yote.

Kabula hakulia. Aliangalia ukuta wa jirani, nyumba ya Mama Shukuru, ambaye walijifungua wiki moja na kulala vitanda vya jirani, na ambaye naye aliwekewa chupa.

"Na yeye umempelekea dawa?" aliuliza.

Nyamizi akaanza kumweleza habari za akina mama wodini, namna watakavyokataa, namna watakavyokufa. Alisema kila alichoambiwa na Profesa, kwa mpangilio uleule, na alipomaliza alijisikia kama mtu anayesoma hotuba ya mwingine.

"Dada," Kabula alisema, "mimi siwezi kukaa na kipimajoto mfukoni huku namwangalia mwenzangu akitandika vitanda vya watoto wake hajui. Nitamwambia."

"Atamwambia mwingine. Kesho mji mzima utajua, na wataanza kufa wazazi."

Kuku wa jirani waliingia wakadonoa mabaki ya chakula cha pacha, wakatoka, Kabula bado alikuwa anafikiri.

"Basi waambie na hao wazazi," akasema. "Waambie yote mawili. Kwamba bila chupa utakufa, na kwamba ukipewa, utaishi na hatari hii. Kwani ni watoto? Hata wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wangeelewa."

Nyamizi aliondoka bila kuahidi. Alipofika barabarani aligeuka, akamwona mdogo wake akivuka kwenda kwa Mama Shukuru, mikono mitupu. Dawa alikuwa amezitanguliza kwa mkono wa mtoto wa kwanza wa mama huyo.

*

Maneno yalisambaa, na kama ilivyo kawaida yake, yalibadilika njiani. Sokoni ilisemekana maji ya Profesa ni sumu. Stendi ilisemekana leza ya Dokta Nyamizi ndiyo iliyoyaunguza. Siku ya pili mchana, mwanamke mmoja aliyetokwa na damu baada ya kujifungua aliusukuma mkono wa mkunga kila alipokaribia na sindano. Alisema heri afe na damu yake. Akafa nayo. Mumewe alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameishika ile chupa ambayo haikufunguliwa, akimwuliza kila aliyepita kama kweli ilikuwa sumu, na wauguzi wakawa wanapita wakiangalia chini kwa kuwa hakuna aliyeambiwa cha kujibu.

Kesho yake Profesa alimwita Nyamizi. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba gari lilikuwa linasubiri kumpeleka redio ya mji, na kwamba angesema leza imevipima vibadala vyote na kuvikuta salama. Sauti yake ndiyo watu wangeiamini, kwa sababu saini ilikuwa yake.

Ndani ya gari Nyamizi aliyarudia maneno yale kimoyomoyo. Akiyasema, yule mama wa kesho angekubali chupa na kuishi, hilo lilikuwa kweli. Mtu mwenye homa naye angejifunika blanketi na kulala, akisubiri jasho, kama watu wanavyofanya, na kibadala kingegeuka chokaa ndani ya mapafu yake. Hilo nalo lilikuwa kweli. Yeye ndiye angekuwa amemfunika.

Mtangazaji alimwashia kipaza sauti. Simu yake ilikuwa inatetemeka ndani ya mkoba, akaiacha.

"Naitwa Nyamizi Kahabi," alisema. "Chupa zote nimezitia saini mimi. Maji ya Profesa si sumu. Anayetokwa na damu akiyakataa atakufa siku hiyo hiyo, na jana amekufa mmoja ambaye angekuwa hai. Lakini yakikaa mwilini miaka, yanadhoofika, na homa kali inaweza kuyavunja na kukuua. Tumejua hivyo kwa siku kadhaa na tumenyamaza. Mwenye nayo akipata homa, msimfunike. Mpoozeni kwa maji hapo hapo, kisha mleteni hospitali. Mama atakayewekewa chupa leo ataambiwa kwanza, na ataamua mwenyewe."

Mtangazaji alikuwa ameacha kuandika. Alipandisha mkono wa shati lake, akagusa ndani ya kiwiko, pale wanapoingiza mrija wa kibadala.

Simu ilikuwa ya Masunga. Kabula alikuwa na homa.

*

Majirani walikuwa wameshamtia ndani ya pipa lililokatwa, la kukingia maji ya mvua. Mama Shukuru alikuwa akimmwagia kwa kata, wanawake wengine wakipokezana ndoo kutoka bombani. Hawakungoja redio. Kabula alikuwa amewafundisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akitembea kwenye mvua ile ile iliyowaletea mbu.

Hospitalini walielekezwa moja kwa moja kwenye ghala la kibadala. Profesa Tungaraza alikuwa ameisikia redio hadi mwisho. Watu waliokuwa naye walisema aliagiza chupa zote zitolewe kwenye vyumba vya baridi na magodoro yaingizwe. Nyamizi alipopita na Kabula mlangoni, mzee alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeivunja nyumba yake, kisha akashika upande mmoja wa machela na kusaidia kubeba.

Wagonjwa waliendelea kuletwa, wengine wamelowa chapachapa migongoni mwa ndugu zao. Wengi walikuwa wamewahiwa. Nyamizi alihamishia miale yake kwenye kona ya ghala, na kwa kila aliyeingia alipima tone moja. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo maabara haikumwonyesha. Mwili ukipozwa mapema, vimiminika hurudiana, na doa hutulia tena kwenye skrini. Ukichelewa, hurudiana sehemu tu, na iliyobaki huziba mishipa midogo ya mapafu.

Tone la Kabula lilikuwa jeupe. Alilipima tena kila baada ya muda, huku mdogo wake akitetemeka chini ya shuka lililoloweshwa, pumzi zikiwa fupi.

"Vimeshikana?" Kabula aliuliza.

"Kidogo."

Kabula alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Safari hii dada yake alikuwa ameongea pole pole.

Ndipo Scholastika alipoingia. Alisema wodi ya wazazi kuna mwanamke anaitwa Minza, kondo la nyuma limekataa kutoka lote, damu inamwisha. Ameambiwa na mkunga, ameambiwa na daktari, amekataa kuwajibu. Anataka yule wa redio.

Nyamizi alisema hawezi, waende wengine. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za godoro.

"Nenda, dada," Kabula alisema. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuendelea. "Mimi nimeshaambiwa. Yeye bado."

*

Minza alikuwa mwanamke mwenye uso mpana, mfinyanzi wa majiko ya udongo, na kucha zake zilikuwa bado na mfinyanzi mwekundu. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kitenge pembeni yake. Nyamizi alipiga magoti ili asisemee juu.

Alimweleza kwamba bila chupa asingeiona jioni. Kwamba kwa chupa angeishi, na kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo homa isingekuwa na hatari kubwa, lakini kila mwaka ungeiongeza. Kwamba walikuwa wanatafuta kiungo kingine, na huenda wasikipate.

"Ungempa ndugu yako?" Minza aliuliza.

"Alipewa. Sasa hivi yuko chumba cha baridi kwa ajili hiyo hiyo, na sijui kama atapona." Nyamizi alirekebisha kitenge cha mtoto. "Bila chupa ile angekufa siku alipojifungua. Amewalea wanawe karibu miaka minne."

Minza alifumba macho kwa muda mrefu hata Scholastika akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Kisha akanyoosha mkono wenyewe, kiganja juu.

"Niwekeeni," alisema.

Nyamizi alikaa mpaka chupa ilipoanza kudondosha sawasawa na midomo ya Minza ikarudisha rangi. Alitembea kurudi ghalani, akaona kutoka mbali kwamba Profesa Tungaraza alikuwa amesimama nje ya mlango, ameshika kofia mkononi, na Masunga amechuchumaa karibu na miguu yake. Akaacha kutembea. Hapakuwa tena na haja ya kufika.

*

Walimzika Kabula kesho yake. Wanafunzi wake waliletwa wakiwa na sare, wakaimba, na Kulwa na Doto walishindana kuokota maua yaliyoanguka, mpaka Mama Shukuru alipowapakata wote wawili. Kulikuwa na makaburi mengine mapya mjini siku hizo, ingawa machache kuliko ambavyo yangekuwa. Mume wa yule mama aliyekataa chupa alikuja mazishini. Alisimama nyuma ya watu akimtazama Nyamizi, na Nyamizi hakujua kama alikuja kumpa pole au kumlaani. Huenda hata yeye mwenyewe hakujua. Kisha akaondoka.

Kutoka makaburini Nyamizi alikwenda wodi ya wazazi, akiwa bado na kitenge cha msiba kiunoni. Alitaka kuchukua tone la Minza na kulipima, na alilisema hilo kwa sauti ya kikazi. Minza alikuwa ameketi akinyonyesha. Alikwishasikia, kwani hospitalini hakuna kinachofichika.

"Alijua umekuja kwangu?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeniambia nije."

Minza aliinamisha kichwa. Nyamizi alibaki amesimama na sindano mkononi, akijaribu kukumbuka alichokijia, na macho yake hayakuona vizuri. Mwanamke yule hakumpa pole. Alimhamishia mtoto bega la pili, akajisogeza taratibu mpaka akafika ukutani, na kumpa nafasi kitandani akae.